Bando la tovuti ndogo: tuiweke wapi, na likiisha inakuwaje

Faili lililonifungia tovuti lilikuwa la dudumizi. Ni dakika mbili na sekunde kumi za mlio wake, nilizorekodi shambani Muheza alfajiri moja ya masika, ule mlio wa maji yanayomiminwa kutoka chupani ambao watu wa Pwani husema anaitia mvua. Niliuweka kwenye tovuti yangu ya ndege, pamoja na picha na majina ya Kiswahili: kurumbiza, chozi, hondohondo, shorewanda. Faili zima lilikuwa MB 2 na kidogo.

Kuna mtu alitengeneza programu ya simu ya milio ya ndege. Hakuuweka mlio ndani ya programu yake. Aliielekeza ije kuuchukua kwenye seva yangu kila mtu anapobonyeza kitufe. Kitufe kilibonyezwa kama mara 6,000 kwa siku. Zidisha mwenyewe: zaidi ya GB 12 kwa siku, zaidi ya GB 370 kwa mwezi, kwa ndege mmoja. Kampuni niliyokuwa nimepanga nafasi kwake, ambayo kifurushi chake kiliandikwa "bila kikomo", ilifunga akaunti yangu Ijumaa jioni na kuniachia barua pepe ya mistari mitatu kuhusu matumizi kupita kiasi. Mtu wa kuongea naye nilimpata Jumatatu.

Tangu siku hiyo, rafiki mwenye tovuti ya kujifurahisha akiniuliza aiweke wapi kwa bei nafuu, iwe ya mapishi ya bibi yake, ya nasaba ya ukoo au ya matokeo ya mechi za zamani za Simba na Yanga, sianzi na bei. Namuuliza kwanza: bando likiisha, unataka kitokee nini? Kampuni zina majibu manne. Moja hukufungia. Nyingine hukuandikia barua ya kukuomba uhame. Ya tatu huiacha tovuti ikiendelea na ankara ikipanda nayo. Ya nne haihesabu kabisa. Kwa mtu anayelipia tovuti kutoka mfukoni, bila matangazo na bila mauzo, jibu la tatu ndilo la kuogopwa, na kwa bahati mbaya limefichwa ndani ya bei zinazoonekana ndogo kuliko zote.

Ninaposema bando hapa nina maana ya data ambayo seva inaruhusiwa kuitoa kwa wasomaji kwa mwezi. Nafasi ya kuhifadhia mafaili ni jambo jingine, na siku hizi ni rahisi. Kinachogharimu ni kutoa.

Pima kwanza unachotoa

Wengi wetu hatujui tunatoa kiasi gani, tunanunua kwa woga tu. Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua idadi ya wageni kwa mwezi, zidisha kwa kurasa anazofungua kila mmoja, zidisha kwa uzito wa ukurasa. Mimi nilikuwa na wageni kama 3,000, kila mmoja akifungua kurasa nne, na ukurasa wangu ulikuwa na MB 5 kwa sababu nilikuwa nabandika picha kama zilivyotoka kwenye kamera. Jumla ilikuwa GB 60.

Nilikaa wikiendi mbili nikipunguza picha zote hadi upana wa pikseli 1,200 na kuzigeuza kuwa WebP, aina ya faili la picha lililobanwa. Picha ya MB 4 ikawa chini ya KB 200, na chozi wangu mwekundu hajapoteza hata unyoya mmoja wa kuonekana kwa macho. Nikaweka pia ile amri ya HTML inayozuia picha isishuke mpaka msomaji aifikie, *loading="lazy"*. Ukurasa ukawa KB 400, na wageni walewale 3,000 sasa wananigharimu GB 4.8. Hakuna punguzo la bei litakalokupa tofauti hiyo.

Sauti ina hesabu yake. WAV ya stirio, yaani sauti isiyobanwa, kwa ubora wa CD, inakula zaidi ya MB 10 kwa dakika. MP3 iliyobanwa hadi kbps 128 (kilobiti kwa sekunde) inakula chini kidogo ya MB 1. Kama ni mahojiano ya mzee anayesimulia, mtu mmoja anaongea, kbps 64 kwa mono zinatosha na hakuna atakayelalamika. Milio ya ndege siibani hivyo, kwa sababu zile sauti nyembamba za juu ndizo zinazopotea kwanza, na bila hizo kuna ndege huwezi kuwatofautisha.

Tena kuna upande wa pili ambao wauza seva hawautaji. Msomaji wetu naye yuko kwenye bando. Anayefungua ukurasa wako wa MB 5 akiwa Lushoto au Lamu ameulipia kutoka kwenye kifurushi chake cha wiki. Kila MB unayoipunguza unawapunguzia watu wawili.

"Bila kikomo" ya seva ya kuchangia

Hapa, kwenye seva moja inayogawanywa kwa wateja wengi, ndipo wengi huanzia, na ninaelewa kwa nini. Kampuni za nyumbani zinakupa cPanel (paneli ya kusimamia tovuti), barua pepe zenye jina la tovuti yako, WordPress (programu ya kujengea tovuti) kwa kubofya mara moja, na unalipa kwa M-Pesa bila kadi. Ukiwa na swali unauliza kwa Kiswahili. Seva ikiwa Dar es Salaam au Nairobi, ukurasa unafika haraka kwa msomaji wa hapa kuliko ukitoka Ujerumani. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini upande wa kusini, Tanzania ikiwa kati ya nchi zilizoumia sana, faida ya kuwa na tovuti ndani ya nchi ilionekana wazi. Njia ya kwenda nje ilikuwa imeziba, njia za ndani zilikuwepo.

Lakini neno "bila kikomo" lisome pamoja na masharti. Seva moja ina mlango mmoja wa kutolea data, na ndani yake wamepangwa mamia ya wateja kwa kutegemea kwamba karibu wote watatumia kidogo. Anayetumia sana anakutana na vikomo vingine: muda wa prosesa, kumbukumbu, idadi ya mafaili, au kifungu cha matumizi ya haki. Vingi vya vifurushi hivi vinakataza waziwazi kuifanya akaunti kuwa ghala la sauti na video. Mimi sikukisoma kifungu hicho. Kilikuwepo.

Kwa hiyo: tovuti ya maandishi na picha chache, mwenye nayo hataki kujifunza Linux (mfumo unaoendesha seva) wala Git (programu ya kutunzia matoleo ya mafaili), anataka barua pepe na mtu wa kumpigia simu? Seva ya kuchangia ya nyumbani inafaa, na fedha inabaki hapa. Tovuti yenye sauti au PDF nzito? Maandishi yakae huko, mazito yakae kwingine, nitafika hapo.

Nyumba za bure

Kama tovuti yako ni kurasa zilizokwisha kuandikwa, HTML na picha bila hifadhidata nyuma yake, una bahati kubwa kuliko waliotutangulia. Waliojenga kwenye GeoCities, iliyoanza mwaka 1994, ikanunuliwa na Yahoo mwaka 1999 na kufungwa Oktoba 2009, walipata nafasi ya bure lakini mwishowe mamilioni ya kurasa zao ziliondolewa. Somo nililolichukua hapo ni kuwa na nakala nyumbani na kuwa na jina la kikoa langu mwenyewe, yaani anwani ya tovuti niliyoisajili mimi. Ukiwa na hivyo viwili unahama mchana mmoja.

GitHub Pages, huduma ya tovuti za bure ya GitHub, ghala la wanaoandika programu, ipo tangu mwaka 2008. Tovuti isizidi GB 1, na bando ni GB 100 kwa mwezi. Kikomo hicho ni laini: ukikivuka huletewi ankara, unaweza kuandikiwa na kushauriwa upunguze au uhame. Masharti yake yanakataa tovuti za kufanyia biashara. Kwa hesabu yangu ya GB 4.8, ningeweza kukua mara ishirini kabla ya kukigusa. Udhia wake ni kwamba lazima uelewe Git kidogo, na Git haipendi mafaili mazito. Moja likizidi MB 100 linakataliwa.

Cloudflare Pages, iliyofunguliwa kwa wote mwaka 2021, haihesabu bando la kurasa na picha hata kwenye mpango wa bure. Inachohesabu ni vingine: mafaili yasizidi 20,000, hakuna faili la zaidi ya MB 25, na ujenzi wa tovuti, yaani kuiandaa upya kila unapoisasisha, usizidi mara 500 kwa mwezi. Kwa sisi wa huku ina jambo jingine zuri: ina vituo vya kache Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, hivyo nakala ya picha yako inaweza kutolewa jirani na msomaji badala ya kusafiri kutoka Ulaya kila mara. Ninachokihofia ni kampuni moja kuwa mlango wa sehemu kubwa namna hiyo ya intaneti. Naitumia, ila nakala yangu siiachi huko peke yake.

Neocities naitaja kwa upendo. Ilianzishwa mwaka 2013 na Kyle Drake, ikirudisha ule moyo wa GeoCities, na majirani zako humo ni watu wanaotengeneza kurasa kwa mikono yao. Bure unapata GB 1 ya nafasi na GB 200 za bando. Ila akaunti ya bure inachagua aina za mafaili, na sauti hazipiti. Mpango wa dola 5 kwa mwezi unafungua aina zote, pamoja na GB 50 za nafasi na TB 3 za bando, na unaruhusu kikoa chako. Ningekuwa na miaka kumi na saba leo ningeanzia hapo.

Seva pepe: unapanga chumba kizima

Seva pepe ni kompyuta yako ya Linux iliyoko kwa mtu mwingine. Bando lake kwa kawaida ni kubwa, na lililozidi linatozwa kwa bei ya kueleweka. DigitalOcean wana ya dola 4 yenye GB 500 na ya dola 6 yenye TB 1, na kila GB ya ziada ni senti 1. Linode, ambayo sasa ni ya Akamai, inatoa TB 1 kwa dola 5, na ziada yake ni nusu senti kwa GB. Hetzner ya Ujerumani ndiyo iliyonishangaza: kifurushi kidogo, ambacho kwa miaka mingi kimeuzwa kati ya euro 3 na 5 kwa mwezi, kinakuja na TB 20 kwenye vituo vyake vya Ulaya, na kila TB ya ziada ni euro 1. Uangalie kituo unachochagua, maana Desemba 2024 walipunguza sana bando la vituo vyao vya Marekani, na seva ndogo za huko zikabaki na TB 1.

Ili uione TB 20 ilivyo: seva ikitoa Mbps 1 (megabiti moja kwa sekunde) mfululizo, usiku na mchana, kwa siku 30, inakuwa imetoa GB 324. TB 20 ni kutoa zaidi ya Mbps 60 bila kupumzika mwezi mzima. Dudumizi wangu na programu ile wasingefika hata sehemu ya hamsini.

Gharama ya seva pepe iko kwenye muda wako. Ni wewe wa kusasisha mfumo, wewe wa kufunga milango, wewe wa kuamka diski ikijaa. Anayependa kazi hiyo, kwake ni sehemu ya raha. Asiyeipenda ataiacha bila kusasishwa miezi minane, na siku moja seva yake itakuwa inawatumia watu barua taka. Na kutoka Ulaya hadi Pwani yetu kwenda na kurudi ni kama milisekunde 150 hadi 200. Kwa ukurasa mwepesi hutaona, kwa ukurasa wenye vipande 80 utaona.

Wingu kubwa, ambako mita haisimami

Hapa naomba nikawie, maana hapa ndipo mtu wa kawaida anaweza kuumia.

AWS, wingu la Amazon, yaani seva zinazokodishwa kwa kipimo cha matumizi, inaonekana ya bure ukianza. GB 100 za kwanza za kutoka kila mwezi hazilipiwi. Baada ya hapo, kutoka vituo vya Marekani na Ulaya ni senti 9 kwa GB. Kutoka Cape Town, kituo chao cha Afrika kilichofunguliwa mwaka 2020, ni senti 15.4 kwa GB. Linganisha na senti 1 ya DigitalOcean au euro 1 kwa TB nzima ya Hetzner. Ni data ileile, kwenye nyaya zilezile za baharini. Tofauti hii haielezwi na gharama ya kuisafirisha. Ni bei iliyowekwa kwa ajili ya makampuni ambayo tayari yameweka kila kitu humo na hayahami kirahisi. Sisi wenye tovuti za ndege na stempu tumejikuta tukisoma orodha ya bei isiyoandikwa kwa ajili yetu.

CloudFront, mtandao wao wa kache, una unafuu: TB 1 ya kwanza kila mwezi ni bure. Ukivuka, kwenye mpango wa kulipia kila GB, msomaji wa Kenya au Afrika Kusini anatozwa senti 11.

Tatizo kubwa kuliko bei ni kwamba tahadhari ya bajeti ya kawaida inakutumia barua pepe tu. Haizimi kitu. Roboti, yaani programu inayozunguka mtandaoni ikivuta kurasa, likikuvamia saa nne usiku, asubuhi unaikuta barua pamoja na deni.

Na tusidhani ni AWS peke yake. Februari 2024 mtu mmoja mwenye tovuti ndogo kwenye mpango wa bure wa Netlify, kampuni ya kuweka tovuti, aliletewa ankara ya dola 104,500. Chanzo kilikuwa faili moja la wimbo, lenye MB 3 na kitu, lililovutwa na mashambulizi mpaka zikatoka TB 190 kwa siku chache. Bei ya ziada ilikuwa dola 55 kwa kila GB 100, na hesabu inakubali kabisa: 190,000 gawanya kwa 100, zidisha kwa 55. Deni lilifutwa baada ya habari kusambaa na mkuu wa kampuni kujitokeza hadharani. Nimefurahi lilifutwa. Lakini mtu wa Singida asiye na wafuasi mtandaoni asitegemee kwamba na lake litasambaa.

Roboti nazo zinakula

Zamani tulihofia kupata umaarufu ghafla. Siku hizi mgeni mzito zaidi huenda si mtu. Mwezi Mei 2024 roboti moja ilishusha TB 73 za kurasa kutoka Read the Docs, tovuti inayohifadhi miongozo ya programu, karibu TB 10 kati yake kwa siku moja, na bando hilo liliwagharimu zaidi ya dola 5,000. Aprili 2025 Wikimedia, wenye Wikipedia, walieleza kwamba bando la picha na video zao lilikuwa limepanda kwa asilimia 50 tangu Januari 2024, na sehemu kubwa ya ongezeko ilitoka kwa mashine zinazokusanya vitu vya kufundishia mifumo ya akili bandia.

Faili la robots.txt, linaloziambia roboti zisiguse nini, liweke, linasaidia kwa roboti zenye adabu. Zisizo na adabu zinahitaji kuzuiwa kwenye seva au kwenye kache iliyo mbele yake. Cloudflare wana kitufe cha kuzizuia hata kwa wasiolipa. Na kama una sauti au PDF, zuia wengine wasichukue mafaili yako moja kwa moja kutoka kwenye kurasa na programu zao. Ni mistari michache, na ndiyo ingeniokoa mimi Ijumaa ile.

Tuziweke kando kwa kando

Nimechukua miezi mitatu ya mfano: wa kawaida wa GB 60, mzito wa GB 300, na wa balaa wa TB 5. Ni bei za bando za orodha, kabla ya kodi. Kwa seva pepe na Neocities nimeweka bei ya kifurushi kizima. Kwa CloudFront na Bunny, mtandao mwingine wa kache nitakaoueleza chini ya jedwali, nimechukulia wasomaji wote wako Afrika.

| Mahali | GB 60 | GB 300 | TB 5 |
|---|---|---|---|
| GitHub Pages | 0 | 0, lakini umevuka kikomo laini | utaombwa uhame |
| Cloudflare Pages | 0 | 0 | 0 |
| Neocities ya kulipia | $5 | $5 | umevuka TB 3 |
| DigitalOcean ndogo | $4 | $4 | kama $49 |
| Hetzner, Ulaya | bei ya kifurushi | ileile | ileile |
| AWS moja kwa moja, Ulaya | 0 | $18 | $441 |
| AWS moja kwa moja, Cape Town | 0 | kama $31 | kama $755 |
| CloudFront | 0 | 0 | kama $440 |
| Bunny | $3.60 | $18 | $300, au inasimama |

Soma safu ya mwisho, ya TB 5, kabla ya ya kwanza, ya GB 60. Safu ya kwanza inasema AWS ni bora kuliko Hetzner. Safu ya mwisho inasema dola 441, zaidi ya shilingi milioni moja za Tanzania, kwa mwezi mmoja ambao huenda ulikuwa safarini na hukujua.

Bunny nimemwandikia "au inasimama" kwa sababu unalipa kabla, kama luku. Unaweka salio, likiisha huduma inasimama, na unaweza kuweka kikomo kwa kila eneo. Bei yake kwa Afrika na Mashariki ya Kati ni senti 6 kwa GB, wakati Ulaya na Amerika Kaskazini ni senti 1. Inauma kuona sisi ndio wa bei ya juu kuliko wote kwenye orodha ile. Lakini heshima ya kusimama salio likiisha ina thamani kwangu, naielewa tangu mita ya umeme ya nyumbani.

Kwenye hizo bei ongeza VAT pale inapotozwa, kiwango cha kawaida kikiwa asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, na ongeza dola yenyewe. Mkenya aliyelipa dola 5 Januari 2024 alizinunua kwa karibu shilingi 160 kila moja. Katikati ya mwaka huohuo zilikuwa karibu 130. Kadi pepe za pesa za simu zimeturahisishia sana malipo, na zina faida nyingine kwa mada yetu: unaweka ndani kiasi unachotaka tu. Lakini kadi tupu haifuti deni. Kampuni itashindwa kukata, na deni litabaki kwa jina lako.

Mazito yapate nyumba yao

Njia iliyonifaa ni kutenganisha. Kurasa na picha ndogo mahali pamoja, sauti mahali pengine.

Cloudflare R2, ghala la mafaili la Cloudflare, inatoza kuhifadhi, dola 0.015 kwa GB kwa mwezi baada ya GB 10 za bure, na haitozi kutoa. Kuna ada ya idadi ya maombi, lakini kiasi cha bure ni kikubwa kwa tovuti kama zetu. Backblaze B2, ghala la aina hiyohiyo, mwaka 2025 ilikuwa dola 6 kwa TB kwa mwezi, na kutoa ni bure mpaka mara tatu ya ulichohifadhi. Kwa rekodi zinazostahili kuishi kuliko sisi wenyewe, kuna Internet Archive, ya Brewster Kahle, ipo tangu mwaka 1996, unapakia bure na kila mtu anasikiliza. Na kwa milio ya ndege kuna xeno-canto, tangu mwaka 2005, ambako mlio wa Usambara unakaa kwenye ramani pamoja na ya dunia nzima na mtaalamu akiona umekosea jina anakusahihisha. Wenye mambo mengine watafute nyumba ya jambo lao namna hiyo. Bando la bure ni zuri, lakini hapo unapata pia wasikilizaji wanaojua wanachosikiliza.

Basi, nani aende wapi

Unaandika tu, na huogopi kujifunza: GitHub Pages au Cloudflare Pages, na usilipe kitu zaidi ya kikoa. Kijana anayeanza, anataka kucheza na kurasa: Neocities. Unahitaji WordPress, barua pepe, na mtu wa kumpigia: kampuni ya nyumbani, maadamu umesoma kifungu cha matumizi ya haki na umewauliza kwa maandishi wanafanya nini ukizidisha, kama wanakupigia simu kwanza au wanafunga kwanza. Wakishindwa kujibu swali hilo kabla hujalipa, hawatalijibu baada ya kulipa. Una mafaili mengi na Linux unaipenda: seva pepe ya Ulaya, na jumapili moja kila mwezi ya kuisafisha. Wingu kubwa lenye mita wazi sikushauri kwa tovuti ya kujifurahisha, hata kama kazini unalitumia na unalijua vizuri. Kazini deni si lako.

Mimi leo niko hivi: kurasa na picha ziko Cloudflare Pages, milio ya MP3 iko R2 nyuma ya kizuizi cha wachukuaji, na WAV halisi ziko Internet Archive. Nakala ya vyote iko kwenye diski mbili, moja kwangu na moja kwa dada yangu Korogwe. Kwa bando silipi kitu, nalipa kikoa mara moja kwa mwaka. Programu ile bado ipo, na mara kwa mara naiona kwenye kumbukumbu za seva ikigonga mlango na kukataliwa. Dudumizi mwenyewe anapatikana palepale pa zamani, na anayetaka kumtumia kwenye programu yake ameandikiwa chini ya ukurasa: mpakue mara moja, muweke kwako, taja aliporekodiwa.